Uliza Anti: Binti yangu kafuta picha zake zote, kuna nini?

SWALI: Anti shikamoo. Mie nina watoto wawili. Huyu mkubwa alivyokuwa na miaka 13 alikuwa anaposti mpaka tunachoka, selfi asubuhi, selfi jioni, video za kucheza, laiki zikiwa chache ananuna siku nzima. Sasa ana 17. Juzi naingia kwenye akaunti yake nakuta picha zote hakuna, zimebaki mbili tu na moja ni ya viatu!! Ila simu haitoki mkononi. Nikimuuliza, "mama, hamna kitu." Ananificha jambo?

JIBU: Marahaba mama. Shusha pumzi kwanza. Huyo hajaacha mtandao, kahama tu, katoka sebuleni kaingia chumbani, na wewe bado umekaa sebuleni unamsubiri.

Mtoto wa 13 anaona kama dunia nzima inamkodolea macho yeye. Mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, aliliandika hilo mwaka 1967, enzi hizo simu ya mkononi hata haipo, akaliita hadhira ya kufikirika, yaani kijana anaamini kila mtu kaona kichunusi chake. Sasa chukua mtoto huyo umpe simu, hadhira si ya kufikirika tena, ina namba kabisa, laiki 43, walioona 112. Anaposti, anaifunga simu, anaifungua baada ya dakika mbili, laiki 6, anaanza kujiuliza aifute au aiache kidogo. Na umri huo ndio ubongo unakuwa mwepesi sana kufurahia sifa za wenzake, wakati sehemu ya mbele ya kichwa, ile ya kusema "hebu subiri kwanza", inaendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu.

Akifika 16, 17 ile hofu inapungua, anaanza kujua marafiki zake ni wanne na si mia nne. Akirudi kuangalia picha za zamani anaona aibu, ule mdomo uliobinuliwa, yale maneno ya mapenzi aliyokopi sijui wapi (hata sisi tunazo, tunashukuru tu zilikuwa kwenye albamu chini ya kitanda). Halafu anawaza nani anapita pale: mwalimu, shangazi, kesho kutwa mtu wa chuo au wa kazi. Anafuta. Maongezi yanahamia inboksi, kwenye grupu la watu watano, na stori za kujifuta zenyewe baada ya saa 24.

Na kusema ukweli mama, na sisi tunawafukuza. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza vijana wa Marekani wa miaka 13 hadi 17: mwaka 2014 kuelekea 2015 waliokuwa wanatumia Facebook walikuwa asilimia 71, mwaka 2022 wamebaki 32. Sababu ziko nyingi, ila sherehe ambayo wazazi wote wamefika na wanakomenti "mwanangu mzuri, umekula?" nani atakaa?

Kwa hiyo kufuta picha peke yake wala kusikutishe. Mimi ningeangalia nje ya simu: analala? Anakula? Rafiki zake bado anaonana nao? Akipata meseji anaruka kama kaumwa, au kuna mtu anamdai picha au hela? Hapo ndio ukae naye, na usianze kwa kumnyang'anya simu maana siku nyingine hatokwambia kabisa. Kama hayo hayapo, hiyo "hamna kitu" yake huenda kweli ni hamna kitu.

SWALI LA PILI, la mama huyohuyo: Na huyu mdogo ana 11, anataka akaunti, anasema wenzake wote wanazo.

JIBU: Wenzake "wote" ukiwahesabu ni watatu. Mitandao mingi inataka miaka 13, na hiyo namba si kwamba kuna daktari alipima ubongo, inatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayokataza kuchukua taarifa za mtoto chini ya miaka 13 bila ruhusa ya mzazi. Mwambie asubiri. Halafu mtume kwa dada yake amuulize kwa nini kafuta zile picha, atamsikiliza kuliko mimi na wewe.