Zanzibar iliishije bila katiba baada ya Mapinduzi?

SWALI: Ndugu Mhariri, tunafundishwa kwamba Mapinduzi ya 1964 yaliifuta katiba ya uhuru, lakini katiba inayotajwa siku zote ni ile ya 1984. Je, katikati nchi iliongozwa kwa sheria gani, na wananchi waliwahi kuulizwa? Msomaji, Pemba.

JIBU: Ndugu msomaji, katiba ya uhuru, iliyoanza tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani, ilidumu mwezi mmoja na siku chache tu. Baada ya tarehe 12 Januari 1964 mamlaka yote yalishikwa na Baraza la Mapinduzi chini ya Mzee Abeid Amani Karume, na nchi ikaendeshwa kwa dikrii, yaani amri zenye nguvu ya sheria, zilizotiwa saini na Rais. Kilichosahauliwa na wengi ni kwamba miongoni mwa dikrii za mwanzo kabisa imo iliyoahidi kuitisha Baraza la Kutunga Katiba katika muda wa mwaka mmoja. Baraza hilo halikuitishwa.

Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ulileta katiba ya muda ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1965, lakini hiyo iligusa zaidi mambo ya Muungano. Mambo ya ndani ya Zanzibar yalibaki mikononi mwa Baraza la Mapinduzi, ambalo lilitunga sheria na papo hapo likazitekeleza. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa sababu chombo kinachotunga na kutekeleza hakina wa kukihimiza kijiwekee mipaka. Aliyeumia ni mwananchi wa kawaida: katika mahakama za wananchi zilizoanzishwa wakati huo, mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili, na haikuwapo sura ya haki za binadamu ambayo angeweza kuishika mkononi na kudai chake.

Katiba ya kwanza baada ya Mapinduzi ilipatikana mwaka 1979, wakati wa Mzee Aboud Jumbe, na ndiyo iliyozaa Baraza la Wawakilishi, lililoanza kazi mwaka uliofuata. Kisha ikaja Katiba ya 1984, iliyoanza kutumika Januari 1985, ambayo ndiyo iliyoleta haki za msingi za raia na kuwapa wananchi nafasi pana zaidi ya kuwachagua wawakilishi wao moja kwa moja.

Kuhusu kuulizwa, wananchi waliulizwa tarehe 31 Julai 2010, na takriban asilimia 66 wakaridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ndipo Baraza la Wawakilishi likapitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba. Mabadiliko hayo yaliweka pia sharti kwamba baadhi ya vifungu visibadilishwe tena bila kura ya maoni. Swali la siku ile, hata hivyo, lilihusu muundo wa serikali peke yake. Katiba yote, tangu utangulizi hadi kifungu cha mwisho, haijawahi kupelekwa kwa wapiga kura wa Unguja na Pemba.