Kabla Hujapanda Ndege ya Istanbul

Mwanangu Zainabu,

Salamu zako nimezipata, na ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Umeniuliza: safari yako ya Istanbul kufuata nguo, ubebe dola zote mkononi au pesa uiache benki ukaitoe kule kwa kadi? Swali lako nimekaa nalo siku tatu. Kila nikitaka kulijibu najikuta niko Mombasa.

Habari ya Mombasa hukupata kuambiwa ilivyokuwa. Unaijua harusi ya Mwanahamisi, mwaka 2012, na unajua nilirudi bila zile leso za Mtaa wa Biashara alizoagiza bibi yako. Tulisema nilikuta maduka yamefungwa. Hayakuwa yamefungwa.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua la utosini. Nilisimama kwenye mashine ya ukutani ya kutolea pesa karibu na soko la Marikiti, inayotazama barabara. Kadi ikaingia, skrini ikaganda, kadi haikutoka. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile. Akaja kijana, shati jeupe limepigwa pasi, akasema, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, kwa moyo mweupe kabisa. Akaniambia mashine hiyo ina mazoea ya kushika kadi, nibonyeze tena namba ya siri halafu nishikilie kitufe chekundu, itaitema. Nikabonyeza, naye yuko begani kwangu. Haikuitema. Akanipa pole, akasema benki imeshafungwa, nirudi Jumatatu nitapewa kadi yangu. Nikamshukuru. Zainabu, mtu yule nilimwombea dua.

Baadaye nilielezwa wanavyofanya. Wanatega ukanda mwembamba wa plastiki ndani ya mdomo wa mashine, kadi inaingia inanasa. Ukishaondoka wanauvuta ukanda, kadi inakuja nao. Namba umeshawapa mwenyewe. Laki nne zilitoka Jumamosi ile ile, na laki nne nyingine zikatoka dakika chache baada ya saa sita usiku, kwa sababu kiwango cha kutoa kwa siku kilikuwa kimeanza upya. Hizo za pili ndizo zinazoniuma. Saa hizo nilikuwa macho, tunapiga vigelegele, na kadi ingeweza kufungwa kwa simu moja tu. Ila namba ya simu ya benki imeandikwa wapi? Nyuma ya kadi.

Ndiyo maana nasema, na nitasema mpaka nizikwe: mwizi wa kadi haji na panga, anakuja na shikamoo.

Zile laki nane zilikuwa ada yako. Siku uliyorudishwa kutoka shule ukakaa barazani na sanduku lako, tulikwambia mshahara wa baba umechelewa. Mshahara haukuchelewa. Baba yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyetaka tuseme hivyo. Alisema, "Mtoto akijua ni mamake, kila akikosa kipindi atamkumbuka mamake." Ukamnunia wiki nzima, hata chai ulikuwa humpelekei, na yeye akakubali kununiwa. Mimi nikanyamaza. Nilikuwa nikwambie ukimaliza kidato cha nne, nikasema ukiolewa, nikasema baba yako akipona. Sasa umejua.

Kurudi Tanga sikuwa na nauli ya kutosha. Pale Horohoro, mpakani, mama mmoja nisiyemjua, amejifunga kitenge cha bluu, alinilipia mpaka stendi, na nilipomwomba namba yake ya simu nije nimrudishie, akakataa. Naye pia alianza kwa salamu. Kwa hiyo nikikwambia usimwamini anayekusalimia, nimemkosea yule mama. Nikikwambia umwamini, nimekutosa. Nimeligeuzageuza jambo hili miaka yote hii. Nilipofika ni hapa: msaada wa watu upokee njiani, upokee hotelini na sokoni, ila ukiwa mbele ya mashine usiupokee kwa yeyote, hata akiwa amevaa sare. Hakuna mashine inayotengenezwa kwa namba yako ya siri.

Baada ya yale nilisoma sana. Mashine ambayo Barclays waliiweka Enfield, London, mwezi Juni 1967, inayotajwa kuwa ya kwanza, haikuwa ya kadi. Mtu alitumbukiza karatasi maalumu mfano wa hundi, kisha akabonyeza namba yake. Unaona? Namba ilikuwapo hata pasipo kadi. Wezi wanalijua hilo. Yule kijana wa Mombasa kadi alikuwa ameshainasa, angeweza kungoja kando niondoke. Alisimama na mimi juani kwa ajili ya tarakimu nne.

Kuna wizi mwingine hauna hata salamu. Wanabandika kifaa bandia juu ya pale pa kuingizia kadi, kinanakili ule ukanda mweusi wa sumaku, na kamera ndogo juu ya vitufe inaona vidole vyako. Chipu, kile kibati kidogo usoni mwa kadi, si rahisi kuinakili hivyo, lakini ukanda bado uko nyuma ya kadi, na wakishautengenezea kadi nyingine wataipeleka kwenye mashine zinazoukubali. Basi kabla hujaingiza kadi, shika pale mdomoni utikise. Kikicheza kitu, ondoka. Ukibonyeza, funika kwa kiganja, hata kama uko peke yako, maana kamera haipumui ukaisikia. Tafuta mashine iliyo ndani ya benki, siku ya kazi, mchana, si hizi za vichochoroni wanakopita wageni. Ikimeza kadi usisogee hata hatua moja: mwite mfanyakazi wa benki, au piga simu kadi ifungwe ukiwa umesimama hapo hapo. Washa na ujumbe wa simu wa kukuarifu kila pesa inapotoka, na uhakikishe laini yako inapokea ujumbe ukiwa nje. Na mashine ikikuuliza ikukate kwa fedha ya kwenu au kwa lira, fedha ya huko, chagua lira. Huo si wizi, ila viwango vyao vya kubadilishia vinaumiza.

Najua hukuuliza hayo. Umeuliza dola au kadi.

Wenzako wa Kariakoo wanafunga dola kiunoni, na wauzaji wa Laleli, mtaa wa maduka ya nguo huko Istanbul, wanazipokea bila shida, hilo nalijua. Zikifika 10,000 uziandikishe forodhani. Lakini dola ikiibwa utampigia nani simu? Kadi angalau inafungwa. Na mimi niliibiwa kadi, na haikufungwa, kwa hiyo nisikuringie. Mjomba wako anasema mtu akibeba dola anabeba roho yake mkononi. Mjomba wako hajasafiri kufuata mzigo hata siku moja. Moyo wangu uko kwenye kadi mbili, moja ya kutumia, nyingine ibaki hotelini na pesa kidogo, na dola za kuanzia... Hapana. Mtaji ni wako, na njia ya soko lile utaijua wewe. Sikuamulii.

Jana nilikwenda tawi la benki yako hapa Tanga. Nilipanga foleni saa nzima, nikaomba namba inayopigika kutoka nje ya nchi, ile inayoanza na +255, si ile fupi isiyopatikana ukivuka mpaka. Nimeiandika kwenye karatasi mbili, zimo humu ndani ya bahasha. Moja iweke kwenye kiatu, au popote kadi isipokaa. Nyingine mwachie mumeo. Nimetumia kalamu isiyofutwa na maji, na tarakimu nimezifanya kubwa.

Mama yako