Katuni ya Siasa: Wazo, Wino na Mkataba

Wanaoanza kuchora katuni za siasa huwa na haraka ya kumchora rais. Sura isubiri. Andika kwanza sentensi moja yenye mtenda na tendo: "Waziri anatoza kodi hadi maandazi." Ikikushinda, wazo bado bichi, na ustadi wa mkono hautaliivisha. Kisha chora vijipicha vitano au sita vya ukubwa wa kiberiti. Cha kwanza mara nyingi ni kile kile ambacho wachoraji wenzako wote wamekifikiria asubuhi hiyo, kiache.

Kwa sura, kusanya picha za mhusika akicheka, akinuna, akiwa ubavu. Zitazame, zifunike, chora kwa kumbukumbu. Kilichobaki kichwani ndicho kinachomtambulisha. Kuza kimoja au viwili tu, maana ukikuza pua, masikio, meno na kipara kwa pamoja, mtu mwenyewe anapotea. Usiandike jina lake kwenye koti. Gunia la fedha au jengo linaweza kubeba jina, lakini mtu atambulike kwa sura. Na kabila lake au ulemavu wake si hoja. Mchore kwa alichotenda.

Chora kubwa kuliko itakavyochapwa, mara moja na nusu inatosha. Karatasi iwe ya gramu 200 hivi kwa mita ya mraba, kwani ile ya fotokopi ya gramu 80 hunywa wino na ukingo wa mstari ukafumuka. Karatasi ya gazeti nayo hunywa wino, kwa hiyo vimistari vya kivuli vilivyobanana huungana vikawa doa jeusi, viachie nafasi. Maneno yatangulie, kiputo (duara linalozunguka usemi) kifuate: ukianza na kiputo, herufi za mwisho zitasongamana. Wino ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli. Skani mchoro wa nyeusi na nyeupe kwa nukta 600 kwa inchi, wa rangi kwa 300.

Buni pia mhusika wako wa kudumu. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru la Tanzania, Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo la Kenya, na Kipanya wa mchoraji Masoud wa Tanzania walipendwa kwa sababu mwananchi wa kawaida alijiona ndani yao, hata siku isiyo na habari kubwa.

Sasa mkataba, ambao vijana wengi husaini bila kuusoma. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyoifanya kwa ajira au kwa kuagizwa huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa mwajiri au mwagizaji, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Basi kubalianeni vinginevyo, kwa maandishi: gazeti lichapishe mara moja, mchoro halisi urudi kwako, na haki ya kutoa kitabu ibaki yako.

Usitegemee mlango mmoja. Januari 2015, baada ya katuni ya mchoraji Gado kuhusu Rais Kikwete wa Tanzania, gazeti la The East African lilizuiwa nchini humo, sababu rasmi ikiwa usajili. Mwaka 2016 mkataba wa Gado na Nation, kampuni inayochapisha gazeti hilo, haukuongezwa. Lakini tangu 2009 alikuwa na XYZ Show, kipindi cha vikaragosi cha televisheni, na kazi iliendelea.

Kila mchoro halisi uhifadhi ukiwa umelala, mbali na jua na unyevu. Nyuma andika tarehe, gazeti, na habari uliyoijibu, kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya hadi mbele.