Maji yakipanda, je, yameongezeka?

Msomaji anayetafsiri mwongozo wa mafundi wa kituo cha umeme wa nyuklia anauliza kama maneno kiasi, kiwango, kina na kimo yanaweza kushika nafasi moja panapozungumzwa maji yaliyomo ndani ya jenereta ya mvuke, yaani chombo ambamo joto la kinu cha nyuklia huchemsha maji yawe mvuke. Yeye aliandika "kiasi cha maji kimeongezeka", mhariri wake akakataa.

Mhariri ana haki. Katika pipa la maji baridi kimo na kiasi huenda pamoja, kwa hiyo hakuna anayedhurika tukiyachanganya maneno hayo. Ndani ya jenereta ya mvuke, hata hivyo, maji yanachemka muda wote na yamejaa mapovu. Mtambo wa kufua umeme unapodai mvuke zaidi kwa ghafla, shinikizo hushuka, mapovu hutanuka, na maji hufura kama maziwa yaliyo motoni: geji huonyesha kimo kinapanda, ilhali kiasi kinapungua, kwa kuwa mvuke unaotoka umezidi maji yanayoingia. Kinyume chake, maji ya kulishia yenye ubaridi yakiongezwa, mapovu husinyaa na kimo hushuka kwa muda. Ndiyo sababu mfumo wa udhibiti hautegemei geji ya kimo peke yake, bali hulinganisha pia mtiririko wa mvuke na mtiririko wa maji. Mwendeshaji akisoma "kiasi kimeongezeka", anaweza kupunguza maji wakati yanapohitajika zaidi.

Kosa la aina hiyo lilishatokea, ingawa katika chombo kingine. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani, waendeshaji waliona kimo kikubwa cha maji kwenye tangi la kudhibiti shinikizo, wakaamini kuwa mfumo umejaa, wakapunguza maji ya dharura, kumbe kinu kilikuwa kikipoteza maji kupitia vali iliyokwama ikiwa wazi. Karibu nusu ya kiini cha kinu, yaani sehemu yenye fueli ya nyuklia, iliyeyuka.

Kwa hiyo nakushauri uandike "kimo cha maji" kwa kile kinachosomwa kwenye geji, na "kiasi cha maji" kwa maji yenyewe yaliyomo. "Kiwango" kimezoeleka, lakini hubeba maana zote mbili: kiwango cha maji ya ziwa ni kimo, kiwango cha sukari mwilini ni kiasi, katika mwongozo wa usalama utata huo haufai. "Kina" nacho ni umbali wa kutoka juu hadi chini kabisa, hata kama magazeti huandika kuwa kina cha bwawa la Mtera nchini Tanzania ni mita 690, hesabu ambayo kwa kweli huanzia usawa wa bahari.

Vitenzi navyo vifuate mgawanyo huohuo: kimo hupanda na kushuka, kiasi huongezeka na kupungua, na kwa mabadiliko ya muda mfupi tunayo maneno yetu mazuri, kufura na kunywea. Sentensi yako basi isomeke hivi: "Maji yamefura na kimo kimepanda, lakini kiasi kinapungua."