Pepa ya kemia imerudishwa, nilipie Kiingereza?

SWALI: Habari yako mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa uzamili, kemia ya mimea. Nimetoa kompaundi nne kwenye magome ya mti wa muthiga, tukaandika pepa na supavaiza wangu tukatuma jarida moja la nje. Siku ya tano imerudi, haijafika hata kwa mariviua (wataalamu wanaoipima pepa), mhariri anasema data haijakamilika na Kiingereza kiangaliwe. Sasa kuna mtu anataka nimpe elfu thelathini aninyooshee Kiingereza halafu nitume tena. Nimlipe? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Salama dada, na pole sana, najua barua kama hiyo inavyouma. Lakini hiyo elfu thelathini iweke kwanza. Mhariri kakwambia mambo mawili na wewe umeshika la pili kwa sababu ndo lenye mtu wa kulipwa. Hilo la kwanza ndo zito, na hakuna wa kukufanyia zaidi ya wewe mwenyewe uliyekaa maabara.

Hebu leo jioni fungua lile faili la data ya ziada uliloambatanisha na pepa. Chukua kompaundi moja, tuseme polygodial maana kwenye muthiga inajulikana sana, fomula yake C15H22O2. Hesabu kwa kidole orodha yako ya kaboni ya NMR, kile kipimo kinachoonyesha kaboni na haidrojeni za molekuli kama piki zenye namba, ziko 15? Zikiwa 14 kuna moja umeiruka au imejificha kwenye mistari ya CDCl3, solventi (kiyeyushi) ya kupimia, pale 77, zikiwa 16 kuna mgeni ndani. Halafu haidrojeni, jumla iwe 22. Nimeshasoma miswada ya wanafunzi yenye haidrojeni 24, 25, ukifuatilia unakuta ni ethaili asiteti, solventi iliyobaki baada ya kusafisha kwa kolamu, ile yenye piki za 4.12, 2.05 na 1.26, au ni maji ya pale 1.56, na mtu kayaandika kama sehemu ya molekuli yake kabisa. Riviua mzoefu anaiona hiyo kwa dakika mbili na baada ya hapo hakuamini tena hata ukisema kweli. Andika pia solventi, MHz ya mashine na namba za piki umezipima kutoka alama gani, 7.26 kwa protoni na 77.16 kwa kaboni kama ni CDCl3. Na zile J (nafasi kati ya mistari ya piki iliyogawanyika), protoni mbili zikigusana J yake inafanana pande zote mbili, huwezi kuweka 7.2 huku na 9.1 kule halafu useme ni majirani.

Sasa uzito wa molekuli, hapa ndo wengi wanaanguka. Polygodial iliyobeba protoni moja, ile ioni inayopimwa na mashine ya uzito, hesabu yake ni 235.1693. Wengi wanaandika 235.1698 kwa sababu wameongeza atomu nzima ya haidrojeni wakati ile ioni imepoteza elektroni moja, na elektroni nayo ina uzito wake, 0.00055. Utaniambia mwalimu hiyo si kitu, lakini majarida mengi yanataka tofauti kati ya hesabu na kipimo isizidi 5 ppm (sehemu tano kwa milioni), ambayo kwa molekuli ya ukubwa huu ni kama 0.0012 tu, kwa hiyo hilo kosa dogo limeshakula karibu nusu ya nafasi yako kabla mashine haijakosea chochote.

Spektra, yaani picha za piki zako, ziweke nzima. Polygodial ina alidehaidi mbili pale karibu na 9.5, ukikata picha kwenye 8 ili ionekane nadhifu umekata ushahidi wako mwenyewe. Na nakuomba dada, usifute piki ya uchafu kwa programu, hata siku moja, hata kama kuna mtu maabara anakwambia wote wanafanya. Piki ya uchafu unaielezea kwa sentensi moja yanaisha. Iliyofutwa ikigundulika inaondoka na jina lako na la supavaiza na la kila aliyesaini.

Lingine ni hilo neno "mpya". Polygodial na warburganal zinajulikana tangu zamani, warburganal imeripotiwa miaka ya 1970, kwa hiyo kabla ya kuita kompaundi mpya ichore kwenye SciFinder au Reaxys, hazina za kompaundi za kulipia, kama chuo hakina muulize rafiki wa chuo kingine, na PubChem ni ya bure. Ikiwa zote nne zinajulikana sema hivyo wazi, weka jedwali la namba zako pembeni ya zile zilizokwisha kuchapishwa, halafu jiulize pepa inaleta nini, labda ni vipimo vya bakteria au fangasi. Hiyo ndo iwe habari ya pepa na kichwa chake.

Mti wenyewe nao usiusahau. Ulichukuliwa wapi, tarehe gani, nani aliutambua, na sampuli iliyokaushwa ina namba gani kwenye hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), kwenu mna ile kubwa ya Afrika Mashariki pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kuna majarida hayapokei bila hiyo namba. Weka na vibali, kile cha utafiti cha NACOSTI na kile cha mazingira cha NEMA, maana Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kugawana faida za viumbe asili, inafanya kazi tangu tarehe 12 Oktoba 2014 na Kenya imo. Na andika mlichuna vipi magome, muthiga ukichunwa kuzunguka shina lote unakufa, nami inaniuma nikiona mti wa miaka mingi umekaushwa kwa ajili ya gramu chache.

Michoro ya molekuli ni rahisi, kwenye programu ya ChemDraw chagua mtindo wa ACS Document 1996 zote zifanane, na kama jarida ni la ACS (chama cha wanakemia cha Marekani) ile picha ya muhtasari ni sentimita 8.25 kwa 4.45.

Kiingereza sasa. Data ikikaa sawa andika sehemu ya majaribio kwanza, kisha matokeo, utangulizi baadaye, ikisiri mwisho kabisa. Mpe mwenzako wa maabara aisome kwa sauti, pale anapokwama ndo pa kurekebisha. Ukifika hapo bado unataka kumlipa mtu, lipa, lakini awe anayejua kemia, maana nimeona "chair conformation", umbo la molekuli linalofanana na kiti, ikageuzwa kuwa samani.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Jarida limeniandikia lenyewe, linanisifu, linasema pepa itatoka ndani ya siku nne nikilipa dola 350. Ni kweli? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilipe. Ndani ya siku nne hakuna aliyehesabu kaboni zako. Liangalie jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa, ni bure, na waulize hao wahariri wanaotajwa kama kweli wanalijua. Halafu Tanzania iko kundi A la Research4Life, mpango unaozipa nchi zenye kipato kidogo majarida, wachapishaji wengi wakubwa wanaondoa ada kwa nchi za kundi hilo kwenye majarida yao ya wazi (yanayosomwa bure), ila omba wakati unatuma, wengine wakishaikubali pepa hawasikilizi tena. Na yale majarida ya kulipiwa na maktaba mengi yanachapisha bila kumtoza mwandishi chochote, chagua tu njia ya kawaida, ile ya usomaji wa wazi usiitiki.