Shangazi, mke wangu anataka mtoto aache timu

Shikamoo Shangazi. Kijana wangu ana miaka 12, amezaliwa mwezi wa Desemba, na tangu mwaka jana yumo katika timu ya mpira ya vijana ya ushindani, ile ambayo watoto huchujwa kabla ya kupokewa. Tunafanya mazoezi siku nne kwa wiki, Jumamosi tuna mechi, Jumapili nimemtafutia kocha wa peke yake, na siku inayobaki hukimbia naye alfajiri. Msimu huu anasugua benchi kwa sababu ni mdogo wa umbo, nami humrekebisha kwa upole tukiwa garini baada ya kila mechi. Mke wangu ameshikilia kwamba mtoto atoke, eti goti linamuuma na amekuwa mkimya. Alifikia hatua ya kutunga ujumbe wa kumpelekea kocha, nikamkataza kuutuma. Mama mkwe wangu anamuunga mkono. Mtoto mwenyewe nikimuuliza husema yuko sawa, ingawa siku hizi hataki hata kukaa nami kiti cha mbele. Hukaa nyuma na begi lake mapajani, hana shukrani. Tumefika mbali mno kurudi nyuma, na wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nimwambie nini mke wangu ili aache kumdekeza mtoto?

Marahaba. Pole kwa mvutano huo nyumbani. Baba anayeamka alfajiri kukimbia na mwanawe ni baba anayependa, na hilo silitilii shaka hata kidogo. Lakini umeniomba maneno ya kumwambia mkeo, nami baada ya kuisoma barua yako mara tatu nimeona kwamba mwenye kuhitaji kuambiwa ni wewe. Mkeo amesema kweli, na mama mkwe wako amefanya vyema kusimama naye.

Tazama ulivyoandika. Tunafanya mazoezi, tuna mechi, tumefika mbali. Anayevaa daruga ni mmoja, anayekaa benchi mechi nzima huku wenzake wakicheza ni mmoja, na goti linalouma ni la mmoja. Katika barua nzima mtoto huyo amepewa maneno mawili tu, kwamba yuko sawa, na ameyasema mbele ya mtu ambaye jibu lolote lingine lingemvunja moyo. Mtoto wa miaka 12 anaujua uso wa baba yake kuliko anavyozijua namba za uwanjani. Anajua jibu linaloufurahisha na jibu linaloukunja, na hulitoa lile la kwanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema, katika ibara ya 12, kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake ayatoe kwa uhuru katika mambo yanayomhusu, na kwamba maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Angalia neno uhuru. Kuulizwa garini na baba aliyetoka kumhesabia makosa si uhuru.

Hapo kwenye gari ndipo barua yako iliponiuma zaidi. Umeliandika jambo la kiti cha nyuma kama mfano wa utovu wa shukrani, ukalipita. Mimi sikuweza kulipita. Mtoto aliyekuwa akikimbilia kiti cha mbele sasa anachagua cha nyuma na kuweka begi mapajani, kwa sababu begi hilo ndilo ukuta pekee alioupata kati yake na sauti yako. Unasema unamrekebisha kwa upole. Huenda sauti ni ya upole kweli, lakini mtoto ambaye hakuchezeshwa amekwisha kuhukumiwa na kocha mbele ya wenzake, na baada ya hapo anaingia kwenye chumba kidogo chenye magurudumu ambacho hawezi kutoka mpaka mfike nyumbani, ili ahukumiwe mara ya pili. Ukimya anaouona mama yake unaanzia humo.

Sasa tuje kwenye goti, ambalo wewe umelitangulizia neno eti. Katika umri huu mifupa hurefuka haraka, na pale chini kidogo ya pia ya goti, mahali ambapo kano inajishika kwenye mfupa wa muundi, mfupa bado ni laini. Kila mtoto anapokimbia, anaporuka na anapopiga shuti, msuli mkubwa wa paja huivuta kano hiyo, nayo huuvuta mfupa huo laini mpaka unavimba na kuuma. Madaktari wana jina lake, Osgood-Schlatter, na huwapata sana watoto wa michezo walio katika kipindi cha kurefuka. Mara nyingi dawa yake kubwa ni kupunguza mzigo. Sisemi kwamba ndiyo hayo ya mwanao, kwa maana mimi si daktari na sijaligusa goti lake. Huenda ni jingine, na ndiyo sababu anatakiwa aonwe na daktari wiki hii hii. Mama yake humwona anapovua soksi, humwona anapopanda ngazi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nimezihesabu siku zako pia. Nne za mazoezi, moja ya mechi, moja ya kocha wa pembeni, moja ya mbio za alfajiri: hizo ni saba, na wiki haina ya nane. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba kijana anayeshikilia mchezo mmoja apumzike walau siku moja au mbili kila wiki, na kwamba kwa mwaka mzima apate jumla ya miezi mitatu mbali na mchezo huo, akiigawa kwa mwezi mmoja mmoja. Waliongeza kwamba kwa wengi ni heri kungoja mpaka miaka 15 au 16 kabla ya kujifunga na mchezo mmoja. Methali yako ya samaki naiheshimu, lakini samaki mbichi naye akikunjwa kila siku bila kuachiwa hukatika.

Najua kinachokutisha, ingawa hukukiandika. Unaogopa kwamba akitoka hapo, mlango utafungwa. Basi sikiliza. Harry Kane aliachwa na Arsenal akiwa mtoto mdogo, akarudi kucheza timu ya mtaani, na baadaye akawa nahodha wa Uingereza. Antoine Griezmann alikataliwa na klabu kadhaa za Ufaransa kwa sababu ya umbo dogo, akapokewa Uhispania, na mwaka 2018 akatwaa Kombe la Dunia na nchi yake. Siwataji ili uanze kumwotea mwanao hayo. Wengi mno waliotemwa hawakufika kokote kwenye mpira, wakaishi maisha mema kabisa. Nawataja ili ujue kwamba timu ya miaka 12 si mlango wa mwisho wa chochote. Mtoto wa Desemba anayepangwa na wa Januari wa mwaka ule ule anacheza na watu waliomtangulia karibu mwaka mzima wa kukua, na makocha wengi huchagua vimo wakidhani wanachagua vipaji. Hilo si kosa lake, wala halirekebishwi kwa mbio za alfajiri.

Kuna neno la ndoa pia, na sitalikwepa. Siku hizi napokea barua nyingi za wenzi ambao mazungumzo yao yote yamegeuka ratiba ya watoto: nani anampeleka, nani anamchukua, jezi iko wapi. Siku wanapohitilafiana juu ya ratiba, wanagundua kwamba hawana mahali pengine pa kukutania, na kila mmoja anamgeuza mtoto kuwa ngome yake. Mke aliyekaa akatunga ujumbe, akakuonyesha kwanza badala ya kuutuma kimya kimya, amekuheshimu. Wewe ukamjibu kwa katazo. Umemwita mdekezaji mtu pekee katika nyumba hiyo aliyemtazama mtoto bila kumtazamia ushindi.

Kusugua benchi peke yake si sababu ya kuacha timu, na ningekuwa na barua ya mtoto mwenye goti zima, anayerudi kutoka mazoezini akisimulia vituko vya wenzake, ningekwambia amalizie msimu wake. Wa kwako anaumwa, amenyamaza na hana siku ya kupumzika. Huyo anatolewa sasa. Kama baada ya goti kupona atataka mpira, atafutiwe timu ambayo kila mtoto huingia uwanjani, na atakayelisema hilo ni yeye, akiwa na mama yake, wewe ukiwa haupo chumbani. Akisema hataki mpira kabisa, msimbishie, wala msimuulize tena kesho yake.

Kocha wa Jumapili mshukuru na uagane naye. Garini usitaje mpira mpaka mtoto autaje mwenyewe, hata ikichukua miezi. Na ule ujumbe alioutunga mkeo, mwombe akusomee leo watoto wakishalala, ongeza jina lako chini ya lake, kisha utumeni.