Maswali ya Wasomaji: Je, Huyu Ndiye Bibi Yetu?

SWALI

Assalaam alaykum, ndugu mwandishi. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Tanga. Bibi yetu mzaa mama alifariki kabla sijazaliwa, na picha zake zote ziliharibika wakati wa masika, paa la nyumba yetu ya zamani lilipovuja. Mwaka huu mdogo wangu wa kiume aliwahoji mama na mama zetu wadogo wawili, akaiandikia programu ya akili unde yale waliyomweleza, kisha akatuletea picha ya bikizee aliyeketi barazani, amejitanda kanga, uso umetulia. Mama aliipokea kwa machozi. Sasa imetiwa fremu na kutundikwa sebuleni, na watoto wetu wanaambiwa kuwa yule ndiye mama yake bibi.

Mimi nimekosa raha. Nilipoisogelea niliona kuwa jina la kanga halisomeki: ni herufi zilizofuatana tu, hazitoi neno. Tena ninaandaa maonyesho ya picha za familia yetu, na mdogo wangu anataka hii iwe ya kwanza ukutani. Je, nikiikataa nitakuwa nimemvunjia mama heshima?

Msomaji, Tanga

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nilikwama pale ulipokwama wewe, kwenye jina la kanga. Naamini jibu limo humo humo, kwa hiyo niruhusu nianze hapo.

Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na mara nyingi ni jina ndilo linalomfanya mwanamke achukue doti hii dukani na kuiacha ile, kwa kuwa kwa jina hilo atasema na mume, na jirani, hata na mke mwenziwe, bila kufungua kinywa. Mashine ilijua kwamba bikizee wa pwani hujitanda kitambaa chenye pindo na mstari wa maandishi. Haikujua kwamba maandishi yale yana msemaji. Programu nyingi za namna hii huanza na mraba uliojaa chenga, mfano wa zile za televisheni iliyokosa mawimbi, kisha huziondoa chenga hizo hatua kwa hatua mpaka kibaki kitu kinachoelekea kufanana na maneno ziliyopewa. Ujuzi huo zimeupata kwa kupitishwa kwenye picha za watu wengine. Mkusanyo mmoja mashuhuri, LAION-5B wa mwaka 2022, ulikuwa na jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo yake zilizozolewa kwenye intaneti, na sehemu za mkusanyo huo ndizo zilizotumika kuifunza programu ya Stable Diffusion. Hebu fikiria ni jozi ngapi kati ya hizo zinazoonyesha baraza za Tanga, na ni maelezo mangapi yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Aliyetundikwa sebuleni kwenu ameokotezwa kwenye nyuso za wazee wasiojuana, na maneno ya mama yako yamepita juu yao kama rangi juu ya ukuta wa mtu mwingine.

Programu mpya zaidi huandika herufi vizuri, na mdogo wako akiirudia kazi hiyo huenda kanga ikasomeka. Hilo lingenitia hofu zaidi, maana watoto wangesoma jina lile na kuamini kwamba bibi alilichagua mwenyewe.

Basi hii si picha ya bibi kwa maana tunayoitumia sisi wapiga picha. Picha mnato, hata iliyofifia, hata iliyoliwa kona na mchwa, ni alama ya mwanga uliotoka kwenye mwili wa mtu ukaigusa filamu. Mjerumani Boris Eldagsen alilileta jambo hili mbele ya wapiga picha wa dunia mwezi Aprili 2023, alipoikataa tuzo aliyopewa katika mashindano ya Sony World Photography Awards kwa ajili ya picha ya wanawake wawili, nyeusi na nyeupe, yenye sura ya picha ya zamani. Wanawake wale hawajawahi kuwapo. Alieleza kwamba picha iliundwa kwa akili unde, na kwamba kazi za aina hiyo hazipaswi kushindanishwa na picha za kamera. Ninamheshimu kwa kulisema hadharani.

Hata hivyo, kubuni picha hakukuanza jana, wala hakukuanzia ugenini. Lamu, tangu miaka ya 1960, Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza kazi mwenyewe, alikuwa akikata na kuunganisha picha katika studio yake, hata uso wa mteja ukachomoza katikati ya petali za ua. Sioni udanganyifu hapo. Mteja aliketi mbele ya kamera, akalipa, akaondoka na picha yake akijua fika kwamba hakuna mtu anayeota ndani ya ua, na uso ulikuwa wake. Ndiyo maana siulizi kama kilichotumika ni mkasi au kompyuta. Nauliza kama mtu mwenyewe alikuwamo, na kama anayetazama ameambiwa kilichofanyika.

Kazi ambayo ningependa uitazame kwa utulivu kabla ya maonyesho yako ni ya Lebohang Kganye wa Afrika Kusini. Mama yake alifariki mwaka 2010. Katika kumtafuta, binti alizikuta picha za ujana wa mama pamoja na nguo alizokuwa amezivaa katika picha hizo. Akazivaa, akaenda mahali zilipopigwa, akasimama kama mama alivyosimama, kisha akailaza picha yake juu ya ile ya zamani. Mfululizo huo wa mwaka 2013 unaitwa Ke Lefa Laka, maana yake kwa Kisotho ni “huu ni urithi wangu”. Unamwona mama, na ubavuni pake, kama kivuli kinachopenya mwanga, unamwona binti ndani ya nguo ile ile. Hawalingani sawasawa. Ule upenyo mdogo kati ya miili miwili ndio unaonigusa kila ninapoutazama, kwa kuwa unakubali kwamba mama hayupo na bado unamkaribia. Mwaka 2024 Kganye alipata tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za Ulaya.

Mashine ya mdogo wako imeuziba upenyo huo, na nadhani raha yako imepotelea hapo. Msanii wa Ugiriki, Maria Mavropoulou, ambaye familia yake iliyohamahama ilibakiwa na picha chache, naye aliunda albamu ya familia kwa programu, lakini jina la kazi yenyewe linamwambia mtazamaji kwamba picha hizo ni za kufikirika. Ninyi bado hamjamwambia mtu.

Mama usimwondolee fremu yake. Aliyoyalilia ni maneno yake mwenyewe kuhusu mzazi wake, yaliyomrudia yakiwa na sura, na hayo si ya kudharauliwa. Ila picha isikae mahali pa picha za marehemu, na chini yake paandikwe kwa mkono: “Bibi kama alivyosimuliwa na wanawe, imeundwa kwa akili unde”, pamoja na mwaka na jina la mdogo wako. Watoto waambiwe maneno hayo hayo. Na kama mahojiano yale yalirekodiwa, yatunzeni kuliko fremu, kwa sababu katika sauti za wanawe watatu bibi yumo kweli.

Katika maonyesho, isiwe ya kwanza. Muulize mama kama anakumbuka jina la kanga mojawapo ya bibi. Akilikumbuka, itafuteni mjini. Isipopatikana, achague yeye mwenyewe kanga ambayo anadhani mzazi wake angeinunua. Umketishe barazani asubuhi, jua likiwa bado chini, umpige picha kwa karibu kiasi cha jina kusomeka bila taabu. Kisha ile ya mashine itundike kando yake, kwa ukubwa ule ule, na uwaachie watu wasogee.

SWALI

Picha pekee ya marehemu baba ni ndogo ya pasipoti, nayo imekwaruzika. Kijana wa studio anasema ataipitisha kwenye programu ya akili unde iondoe mikwaruzo, na nikitaka baba atapepesa macho na kutabasamu. Nikubali?

Msomaji, Nairobi

JIBU

Pole, ndugu yangu. Mikwaruzo unaweza kukubali iondolewe, lakini kwanza picha iskaniwe kama ilivyo, na nakala hiyo isiyoguswa ihifadhiwe mahali pawili. Pale programu isipoona, hubuni, kwa hiyo kaa karibu na kijana huyo akiwa kazini, ukague kovu, umbo la pua na weusi wa ngozi. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba programu zilizokuwa sokoni za kutambua jinsia kwa uso zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, huku kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kazi ya programu hizo ilikuwa nyingine, lakini hatari ni ile ile: mashine iliyofunzwa zaidi kwa nyuso za wengine huenda ikamrekebisha baba yako afanane nao.

Kutabasamu, ningekushauri ukatae. Huduma ya Deep Nostalgia, iliyoenea sana mwaka 2021, ilichukua miondoko ya watu wengine waliorekodiwa kwa video na kuivisha nyuso za marehemu, kwa hiyo tabasamu utakaloonyeshwa si lake. Kama wapo ndugu wa baba walio hai, wapelekee ile picha ya pasipoti iliyosafishwa, uwaulize alikuwa akicheka vipi.